Mkono wa Trela Uelemee Mbele: Mwongozo wa Kusawazisha Mzigo kwa Wanaovuta Trela Mombasa

Ukisimama asubuhi kando ya soko la Kongowea, watazame wenye mikokoteni wanavyopakia. Hakuna mwenye mizani wala futi, lakini kabla ya kuondoka kila mmoja hushika mipini, huiinua kidogo, kisha huamua kwamba gunia hili lisogezwe mbele na kreti lile lirudi nyuma. Anachotafuta si usawa kamili. Mkokoteni uliolingana sawasawa juu ya magurudumu yake huchezacheza mikononi, na ulioelemea nyuma humnyanyua mwenyewe kutoka ardhini. Anataka mipini imlemee kidogo, kiasi cha kuhisi kwamba mzigo umetulia. Trela linalovutwa na gari hufuata kanuni iyo hiyo, ila gari halina mikono ya kuhisi, na dereva aliyeketi mbele huligundua kosa akiwa tayari katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Kwa sababu hiyo naona kwamba neno "kusawazisha" limewapoteza wengi. Wanadhani kazi imekwisha pale trela linaposimama wima bila kuegemea mbele wala nyuma, ilhali trela la namna hiyo ndilo lililo tayari kupiga mkia, yaani kuyumba kushoto na kulia nyuma ya gari. Mwongozo huu unahusu matrela madogo ya ekseli (mhimili wa magurudumu) moja au mbili yanayovutwa kwa pikapu au gari la kawaida, yale yanayobeba saruji, samani, mitungi ya maji na mashua kutoka mjini kwenda Mtwapa, Kilifi, Kwale au Mariakani. Malori makubwa ya kontena yana sheria na mizani yake, nami siyagusi hapa.

Kwanza tuelewe trela hupigaje mkia. Trela limeshikwa na gari mahali pamoja tu, yaani pale kikombe cha mkono wake, ule mti wa chuma ulio mbele ya trela, kinapokaa juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Likisukumwa upande na upepo, na shimo la barabarani au na lori linalolipita, huyumba kwenda na kurudi kama bembea. Ikiwa sehemu kubwa ya uzito iko mbele ya ekseli, myumbo huo hufifia wenyewe. Uzito ukiwa nyuma ya ekseli, kila myumbo huukuza ule unaofuata, na mkia wa trela huanza kuliendesha gari badala ya gari kuliendesha trela. Mwendo nao una sehemu yake: kadiri gari linavyokwenda kasi ndivyo myumbo unavyochelewa kufifia, na kwa kila trela na mzigo wake upo mwendo ambao ukiupita, myumbo haufifii tena bali unakua. Trela lililopakiwa vibaya hufikia kikomo hicho mapema, na kwa hiyo linaweza kutulia kabisa ndani ya mji kisha likaasi katika mteremko wa Mazeras.

Hatua ya kwanza: fahamu mipaka ya uzito

Kabla ya kuinua mfuko wa kwanza, tafuta uzito wa juu ambao gari limeruhusiwa kuvuta, uzito wa juu unaoruhusiwa kukandamiza tufe, uzito wa juu wa trela likiwa na mzigo wake, na uwezo wa matairi. Mpaka wa tufe una hesabu yake; kati ya hiyo mingine, ulio mdogo kuliko yote ndio unaotawala. Pikapu yenye nguvu ya kuvuta tani 2 haikusaidii ikiwa trela limejengwa kwa tani 1, wala trela la tani 2 halikusaidii ikiwa matairi yake mawili hayafikishi kiasi hicho.

Uwezo wa tairi huandikwa ubavuni mwake kwa namba inayofuata ukubwa wa tairi. Namba 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja, na namba 100 ni kilo 800. Basi trela la ekseli moja lenye matairi ya namba 91 haliwezi kuweka juu ya ekseli hiyo zaidi ya kilo 1,230, hata kama bodi lake lina nafasi ya kupokea mara mbili ya mzigo huo.

Magari mengi tunayotumia yaliletwa yakiwa yametumika nchini Japani, na kiungio cha kuvutia kimefungwa hapa na fundi. Lala chini ya gari ukitazame. Kiungio kinachofaa hufungwa kwa boliti nene kwenye chesisi pande zote mbili. Kilichochomelewa kwenye bampa au kwenye bati la sakafu kitang'oka siku moja, na hakuna namna ya kupakia itakayokinusuru. Kumbuka pia kwamba uzito unaokandamiza tufe unahesabiwa kuwa mzigo wa gari lenyewe. Pikapu iliyojaa watu na vifaa nyuma haina tena nafasi ya kupokea kilo 100 za mkono wa trela.

Hatua ya pili: kagua trela likiwa tupu

Matrela mengi hukaa miezi kadhaa uani yakipigwa na jua na hewa ya chumvi, kisha huhitajika siku moja kwa ghafla. Matairi yake huharibika kwa umri kabla ya kuisha meno, kwa hiyo tazama nyufa ndogo ubavuni na usome tarakimu nne za tarehe: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jaza upepo matairi yakiwa baridi, kwa kiwango kinacholingana na mzigo utakaobeba, na usiache tairi moja likawa laini kuliko jingine, kwa maana tairi laini peke yake linaweza kuanzisha myumbo hata mzigo ukiwa umepakiwa vyema. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono na ulitikise. Likilia au likicheza, beringi zinataka kufunguliwa na kutiwa grisi.

Kikombe na tufe vinahitaji uangalifu wa pekee. Hapa kwetu hukutana matufe ya vipimo tofauti, milimita 50, inchi 2 na inchi 1 na 7/8, na kwa macho ni vigumu kuyatofautisha. Kikombe cha inchi 2 kitakaa juu ya tufe la inchi 1 na 7/8, kifuli kitafunga, kila kitu kitaonekana sawa, kisha tuta moja kali litakirusha kikombe nje. Kipimo huandikwa juu ya tufe na juu ya kikombe. Kama kutu imekifuta, tumia kalipa, kifaa cha kupimia unene. Baada ya kufunga kifuli, weka jeki chini ya mkono wa trela na uuinue mpaka nyuma ya gari inyanyuke kidogo. Kikombe kikishikilia, endelea. Kikichomoka, umelipata kosa ukiwa bado uani.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kupakia

Kipimo kinachotawala kila kitu ni uzito unaokandamiza tufe, ambao nitauita uzito wa mkono. Nchini Marekani hushauriwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Uingereza, ambako magari huruhusiwa uzito mdogo zaidi juu ya tufe, hushauriwa asilimia 5 hadi 7 kwa matrela ya kulala. Kwa pikapu na mizigo yetu mimi hulenga asilimia 10, mradi kiasi hicho hakipiti kikomo cha tufe na cha gari. Kikipita, mzigo upunguzwe. Kuusogeza mzigo nyuma ili uzito wa mkono upungue ni kuponya jeraha moja kwa kufungua jingine kubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa mtu anayepeleka mifuko 14 ya saruji. Kila mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mzigo ni kilo 700. Trela lake tupu ni kilo 300, na likiwa tupu mkono wake unakandamiza kilo 30. Kutoka katikati ya kikombe hadi kwenye ekseli ni mita 2.5. Jumla itakuwa kilo 1,000, na anataka uzito wa mkono wa kilo 100. Tayari anazo 30, hivyo mzigo unatakiwa kuongeza 70.

Kanuni yenyewe si ngumu. Uzito unaoongezeka mkononi ni uzito wa mzigo, mara umbali wa kitovu chake (mahali uzito wake unapojikusanya) mbele ya ekseli, ukigawanywa kwa umbali wa ekseli na kikombe. Kilo 700 mara sentimita 25, ukigawanya kwa sentimita 250, ni kilo 70. Basi kitovu cha ile mifuko 14 kikae sentimita 25 mbele ya ekseli, kama shubiri moja na vidole viwili zaidi.

Ona jinsi nafasi ya kukosea ilivyo finyu. Akiipanga mifuko katikati juu ya ekseli, kama wengi wafanyavyo kwa kuamini kwamba ndiyo haki, uzito wa mkono unabaki kilo 30 tu, yaani asilimia 3. Akiirudisha sentimita 25 nyuma ya ekseli, mzigo unaondoa kilo 70 na mkono unakuwa na kilo 40 za kuinua: trela sasa linaivuta nyuma ya gari kwenda juu, na matairi ya nyuma yanapoteza mshiko. Akiisukuma mbele kupita kiasi, tuseme sentimita 60, mkono unakandamizwa kwa kilo 198, nyuma ya gari inazama, na magurudumu ya mbele yanayolipatia gari usukani na sehemu kubwa ya breki yanakuwa mepesi. Kati ya hali iliyo salama na iliyo hatari kuna nusu mita au pungufu.

Piga mstari kwa chokaa ubavuni mwa bodi, juu ya ekseli, na mwingine pale kitovu cha mzigo kinapotakiwa kukaa. Wapakizi hawatakuwa na haja ya kukisia.

Hatua ya nne: pakia

Funga trela kwenye gari kwanza, uvute breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe au vigingi, kwa sababu trela lililosimama peke yake linaweza kubinuka punde vitu vizito vinapoanza kuwekwa nyuma yake. Anza na vitu vizito, uviweke sakafuni, karibu na ekseli na mbele yake kidogo. Vyepesi vifuate juu na pembeni. Uzito wa kushoto ulingane na wa kulia, kwa maana upande mmoja ukizidi, springi na tairi la upande huo huchoka, na trela huinama katika kila kona ya upande wa pili.

Wapo wanaoisoma kanuni ya uzito wa mkono kisha wakaitimiza kwa njia ya mkato: jiko zito la chuma linawekwa mbele kabisa, kabati zito nyuma kabisa, na mizani inasoma vizuri. Mtu huyu amepatia kipimo kimoja na kukosea kingine. Wazee wa mwambao walibeba maji kwa mzegazega, mti begani na ndoo kila upande. Mwenye mzegazega akigeuka ghafla, mwili wake husimama lakini ndoo huendelea na safari, zikamzungusha yeye. Uzito uliowekwa ncha mbili za trela hufanya vivyo hivyo: ukishaanza kuyumba, kuuzuia ni kazi kubwa zaidi kuliko uzito uleule ungekuwa umekusanyika karibu na ekseli. Kwa hiyo katikati pawe pazito na ncha ziwe nyepesi, na hesabu ya mkono ifanywe juu ya mpango huo.

Weka mzigo chini kadiri iwezekanavyo. Friji ikilazimika kusimama, isimame mbele ya ekseli ikiwa imeegemea ukuta wa bodi. Magodoro na makuti ni mepesi, lakini yakirundikwa juu hushika upepo kama tanga. Wakati wa kusi, anayevuka Daraja la Nyali na rundo la namna hiyo husukumwa kutoka ubavuni na upepo wa bahari katika urefu wote wa daraja. Ni afadhali safari mbili fupi.

Hatua ya tano: funga mzigo usihame

Mzigo uliopangwa vyema saa mbili asubuhi na ukahama saa tatu haukupangwa. Ziba mapengo yote kwa mbao, magunia au matairi mabovu, ili kitu kikose pa kuteleza, kisha kaza kwa mikanda yenye kikazio cha meno. Kamba ya nailoni hunyooka ikipata joto na mtikiso, na ile ya katani hulegea ikilowa na kukauka, hivyo zote mbili zafaa kwa turubai tu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba vifungo viweze kuzuia nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, kwa ajili ya breki ya ghafla, na asilimia 50 kuelekea kila upande na nyuma. Kwa kilo 700 hiyo ni nguvu ya kushikilia kilo 560 zisiende mbele, kiasi ambacho mkanda mmoja uliopitishwa juu hauwezi. Mzigo uegemee ukuta wa mbele wa bodi, au, kama hauufikii kwa sababu ya kitovu chake, uwekewe gogo la kuzuia lililopigiliwa misumari sakafuni.

Hatua ya sita: pima, usikisie

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Trela likiwa limepakiwa na kufungwa, liegeshe mahali tambarare, zuia magurudumu, kisha litenganishe na gari. Weka mizani ya kupimia watu chini ya kikombe, ukiegemeza kikombe juu ya kipande cha mti kilichokatwa kwa urefu unaokifanya kikae kimo kilekile cha tufe. Kimo hicho ni muhimu, kwani mkono ukiwa chini zaidi au juu zaidi usomaji hubadilika. Shusha jeki polepole na usome.

Mizani ya watu kwa kawaida haivuki kilo 120 au 150. Kwa trela zito zaidi, chukua ubao imara, weka ncha moja juu ya tofali na nyingine juu ya mizani. Mkono wa trela uegemee ubao mahali ambapo umbali wa kufikia tofali ni sentimita 30 na wa kufikia mizani ni sentimita 60. Mizani itabeba theluthi moja ya uzito, kwa hiyo zidisha usomaji kwa 3, baada ya kuondoa kile ilichosoma kwa ubao mtupu. Ikisoma 45, uzito wa mkono ni kilo 135.

Ukikuta kipimo kimepungua, fungua mikanda na usogeze mzigo. Najua jua la Mombasa na najua uchovu wa vijana waliokwisha kupakia, na bado nasema fungua. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua jenereta kwenye ghala moja kupeleka Changamwe kutoka upande wa Mariakani. Mashine ya kunyanyulia iliiweka pale ilipofika, karibu na mlango wa nyuma wa trela, na kwa kuwa ilikuwa nzito hakuna aliyetaka kuisogeza, mimi nikiwa mmoja wao. Trela lilitulia mpaka tulipoanza kuteremka kutoka Mazeras. Lori la kontena lilitupita, na trela likaanza kwenda kushoto na kulia, kila mara mbali zaidi ya mara iliyotangulia, mpaka kwenye kioo cha pembeni nikaona ubavu mzima wa trela mahali ambapo palitakiwa kuonekana barabara tu. Niliinua mguu kwenye mafuta na Mungu akatusitiri, tukasimama kando ya barabara. Niliposhuka na kuushika mkono wa trela, uliinuka kwa vidole viwili. Chini ya kikombe rangi yote ilikuwa imekwanguka upande wa juu wa tufe, pale kilipokuwa kikijaribu kutoka.

Hatua ya saba: unganisha na gari

Likiwa limeunganishwa, trela likae sawa na ardhi au liiname mbele kidogo sana. Likiinua pua, kitovu cha uzito hurudi nyuma na hesabu yako yote huharibika, hasa kwa trela la ekseli mbili, ambalo huhamishia mzigo kwenye ekseli ya nyuma. Tiba ni kubadilisha kimo cha tufe.

Kabla ya kuunganisha, pima kimo cha mkingo (madigadi) wa gurudumu la mbele la gari kutoka ardhini, kisha pima tena baada ya kuunganisha. Mbele ikiwa imepanda kwa kiasi cha kuonekana, uzito wa mkono umezidi uwezo wa springi za gari hilo.

Minyororo miwili ya usalama ipishane kwa msalaba chini ya mkono wa trela, ili kikombe kikichomoka mkono uangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Iwe na ulegevu wa kutosha kupinda kona, lakini isiburuzike. Hapa pwani minyororo huliwa na kutu kutoka ndani ya pingili zake. Isugue kwa brashi ya waya na ubadilishe iliyokonda. Kisha hakikisha taa za breki na za kukatia kona zinawaka, gurudumu la jeki limepandishwa na kufungwa, na namba ya trela, ile inayoanza na herufi Z, inaonekana.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya barabara kuu

Zunguka mtaani kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, funga breki mara mbili, kata kona kulia na kushoto, kisha ushuke kukagua. Baada ya kilomita 10 au 15 za kwanza, simama tena ukaze mikanda, kwa kuwa mzigo wowote hushikana kwa mtikiso na mikanda iliyokuwa imebana hulegea. Gusa pia kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko kingine, beringi au breki yake ina tatizo.

Barabarani acha nafasi mara mbili ya ile uliyoizoea, na mteremkoni ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Anayevuka Likoni aangalie maji: yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na gari lililozama nyuma hugonga kiungio chake chini kwenye pembe ile. Apite pole na amsikilize mwelekezaji.

Trela likianza kuyumba, inua mguu kwenye mafuta, shika usukani imara ukiwa umenyooka, na uliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Usikanyage breki ya gari kwa ghafla, kwa sababu gari litapungua huku trela likiendelea kusukuma kutoka nyuma, likiwa tayari limekaa upande. Usijaribu kuufuata myumbo kwa usukani. Mikono ya mtu huchelewa, na kila unaporekebisha unaongeza. Kama trela lina breki zake zinazoweza kufungwa peke yake, hizo ndizo za kutumia. Usiongeze mwendo kwa matumaini ya kulinyoosha. Ukishasimama, tafuta sababu kwenye mzigo na matairi kabla ya kuendelea hata kilomita moja.

Mizigo inayohitaji akili ya ziada

Maji ni mzigo wa hila. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima na linatulia. Likiwa nusu, kilo 500 zinatembea mbele kila unapofunga breki na nyuma kila unapoondoka, kwa hiyo uzito wa mkono uliopima umesimama si ule unaosafiri nao. Peleka tangi likiwa limejaa au likiwa tupu. Mitungi ya lita 20 iliyofungwa vizuri ni bora kuliko tangi lililojaa nusu.

Mashua ya faiba yenye injini nyuma imeelemea tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, kwa asili. Mtu akihamisha mashua kutoka trela moja kwenda jingine, au akibadilisha injini kwa kubwa zaidi, sharti kizuizi cha omo, yaani cha upande wa mbele, kisogezwe mbele ili chombo chote kiende mbele pamoja nacho. Fungua kizibo na umwage maji ya ngama, yaliyotuama chini ndani ya mashua, kabla ya kuondoka, na tangi la mafuta lisibaki nyuma kabisa, kwa sababu vimiminika vyote hukimbilia tezi gari linapopanda kilima.

Boriti na mabomba marefu hujaribu kuninginia nyuma. Zipange kitovu chake kikiwa mbele ya ekseli, hata ikibidi zipite juu ya mkono wa trela kuelekea gari, huku ukiacha nafasi ya kukata kona bila ncha kugonga kioo cha nyuma, na ncha za nyuma zifungwe kitambaa chekundu. Mbuzi na ng'ombe hawakai walipowekwa. Watenge kwa mbao katika vyumba vidogo ili wasikimbilie nyuma wote kwa pamoja wanapotishika.

Kupakua na kushusha njiani

Pakua trela likiwa bado limefungwa kwenye gari. Wengi hulitenganisha kwanza ili gari likaendelee na shughuli nyingine, kisha huanza kutoa mizigo ya mbele iliyo karibu nao. Uzito uliobaki nyuma hulibinua trela, mkono huruka juu, na aliyekuwa ameinama juu yake huumia usoni.

Kushusha sehemu ya mzigo njiani kunahitaji hesabu mpya. Turudi kwa yule mwenye mifuko 14. Tuseme alipanga mifuko 7 ambayo kitovu chake kiko sentimita 65 mbele ya ekseli, na 7 mingine sentimita 15 nyuma yake, na kwa pamoja ikampa zile sentimita 25 alizotaka. Akifika Mtwapa akashusha 7 ya mbele, trela linabaki na uzito wa kilo 650 na uzito wa mkono wa kilo 9 tu, huku safari ya Kilifi ikiwa mbele yake, yenye barabara ya kasi na daraja refu juu ya hori. Akishusha 7 ya nyuma badala yake, mkono unabaki na kilo 121, karibu asilimia 19, na usukani unakuwa mwepesi. Katika hali zote mbili anatakiwa kuihamisha mifuko iliyobaki mpaka kitovu chake kirudi kwenye mstari wa chokaa, sentimita 25 mbele ya ekseli, ambapo mkono utapata kilo 65, kisha akaze mikanda upya na kupima. Kazi hiyo, kwa watu wawili na mifuko 7, haizidi dakika 15.